Mgomo wa Usafiri na Zamu Isiyokwisha

Ndugu msomaji, ukisikia jina Membley usidhani nataka kukupeleka London ukatazame kandanda katika uwanja wa Wembley. Membley ninayoizungumzia ni hii yetu, mtaa ulio kando ya Barabara ya Thika, unapokaribia mji wa Ruiru ukitoka Nairobi. Huu ni mtaa wa watu wanaolala hapa na kufanya kazi kule. Alfajiri, kabla hakujapambazuka, utawaona wakifululiza kuelekea kituoni: karani, mwashi, mwalimu, mlinzi, mpishi wa hoteli, muuguzi. Jioni barabara iyo hiyo huwarudisha wakiwa hoi. Basi mtu akiniuliza mgomo wa usafiri unamwathiri nani, mimi humwambia hana haja ya kwenda mbali. Na aje asimame kituoni petu asubuhi moja ambapo magari hayapo.

Katika makala haya nimekusudia kueleza mambo matatu: mgomo wa usafiri ni kitu gani, unawaumiza akina nani zaidi, na kwa nini si rahisi kusema nani ana makosa. Nitaanza na niliyoyaona kwa macho yangu, maana kusikia si kuona.

JUMATATU YA MAGARI KUPOTEA

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 12 Novemba 2018. Sisi wa shule ya msingi tulikuwa tumefunga shule, lakini watahiniwa wa kidato cha nne walikuwa bado katikati ya mtihani wao wa kitaifa. Mama yangu ni muuguzi katika hospitali moja ya umma jijini Nairobi, na juma hilo alikuwa zamu ya usiku. Kwa kawaida hufika nyumbani mwendo wa saa tatu asubuhi. Mimi huwa nimemtengea chai, na mdogo wangu huwa amesimama langoni akimngojea aone kama ameleta mkate.

Siku hiyo saa tatu ilipita. Saa nne ikapita. Nilimshika mdogo wangu mkono tukatoka hadi kando ya barabara. Lo! Barabara pana kama ile, ambayo kwa kawaida huwezi kuivuka bila ya kupanda daraja la waendao kwa miguu, ilikuwa imepwaya. Matatu hazikuwepo. Waliokuwepo ni watu. Walitembea makundi makundi kuelekea Githurai na mjini, wanawake wamevua viatu vya visigino wamevitia mikobani, wanafunzi wa sekondari wakikimbia na vibao vya hesabu mikononi. Gari moja moja lililothubutu kupita lilikuwa na utingo anayeita bila haya, "Githurai mia! Tao mia tatu! Kama huna usipande, mama!"

Redio ilikuwa imetangaza sababu. Serikali ilikuwa imesema kwamba kuanzia siku hiyo itazitekeleza tena bila huruma zile kanuni za barabarani zilizojulikana kama Sheria za Michuki. Kanuni hizo zilianza kazi tarehe 1 Februari 2004, wakati marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi. Zilidai kila matatu iwe na kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama katika kila kiti, na mstari wa manjano ubavuni, na kwamba dereva na utingo wavae sare. Mwaka huo wa 2004 pia magari mengi hayakuonekana barabarani, na watu walikwenda kazini kwa miguu. Baada ya miaka kadhaa kanuni zikalegea, kama kawaida yetu. Zilipofufuliwa mwaka 2018, wenye magari waliamua kuyaficha nyumbani. Wengine walifanya hivyo kwa kupinga, wengine kwa kuogopa kukamatwa.

Mama alifika saa tisa alasiri. Viatu vyake vyeupe vilikuwa vya rangi ya udongo. Hakuuliza chai. Aliketi kwenye kochi akaniambia, "Mwanangu, nisubiri kidogo," kisha akalala vivyo hivyo ameketi, mkoba ungali begani.

KWA NINI MAMA HAKURUDI

Nilipokuwa mdogo nilidhani mama alichelewa kwa sababu ya kukosa gari la kumrudisha tu. Baadaye alinieleza, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Muuguzi wa usiku hatoki wodini mpaka yule wa mchana afike. Lazima wakabidhiane. Huyu anamwambia yule: mgonjwa wa kitanda cha tatu alipewa dawa saa kumi, wa kitanda cha saba damu yake ichunguzwe tena, mtoto wa pembeni hajanyonya tangu usiku. Bila ya makabidhiano hayo mtu anaweza kupewa dawa mara mbili, au asipewe kabisa. Sasa, muuguzi wa kumpokea mama anaishi Kahawa. Siku hiyo alitembea, akabebwa kipande cha njia na pikipiki, akatembea tena. Alifika saa tano na nusu. Naye mama alikuwa amesimama tangu saa moja na nusu ya usiku uliotangulia. Ndipo mama naye akaanza safari yake ya zaidi ya kilomita ishirini.

Tazama basi mnyororo huo. Matatu isipotoka Kahawa, muuguzi wa mchana hafiki. Wa mchana asipofika, wa usiku hatoki. Wa usiku asipotoka, halali. Asipolala, jioni anarudi kwa wagonjwa macho mekundu, na hapo ndipo mkono hukosea kipimo cha dawa. Mgonjwa aliyelala kitandani hajui lolote juu ya vidhibiti mwendo wala mistari ya manjano, lakini mgomo umemfikia.

Mambo ni hayo hayo kwa kazi nyingine za zamu. Mlinzi wa usiku hawezi kuondoka langoni kabla ya mwenzake kuja. Mzima moto hawezi kuacha kituo kitupu. Mtu anayetunza mtambo wa maji hawezi kuufungia mlango akaenda zake. Hawa ndio tunaowaita wafanyakazi wa huduma muhimu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, tulijifunza sote kwamba watu hao wapo. Serikali iliweka kafyu ya usiku tarehe 27 Machi, na kuanzia tarehe 6 Aprili ikafunga eneo la jiji la Nairobi na vitongoji vyake, mpaka ukiwa kwenye Daraja la Mto Chania pale Thika. Sisi wengine tulifungiwa ndani. Wao waliruhusiwa kupita, kwa sababu nchi ingekwama bila wao. Hata hivyo, kuruhusiwa kupita si sawa na kupata gari. Matatu ziliamriwa kubeba abiria wachache, na nauli zikapanda.

MANENO YA LANGONI

Jioni ya Jumatatu hiyo mama alipaswa kurudi kazini. Jirani yetu mmoja ni dereva wa matatu. Tulimkuta ameketi kwenye jiwe nje ya lango, mikono mitupu. Mama hakuweza kujizuia.

"Jirani, mmetuweza kweli leo. Wagonjwa wamewakosea nini?"

Yule bwana aliinua uso. "Sista, usiniulize hivyo. Mwaka jana mlipogoma miezi mitano, mke wangu alijifungulia wapi? Si hapa hapa, kwenye sakafu?"

Mama alinyamaza. Nami nilijua kwa nini. Tarehe 5 Juni 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma nchini kote wakidai makubaliano ya mishahara yatiwe sahihi, na hawakurudi kazini mpaka tarehe 2 Novemba. Ile siku mke wa jirani aliposhikwa na uchungu, mama hakuwa nyumbani. Alikuwa mjini na filimbi mdomoni na tawi la mti mkononi, akiandamana. Mtoto alizaliwa salama, shukrani kwa kikongwe mmoja wa mtaa, lakini mama mtoto alipoteza damu nyingi, na jirani aliuza jokofu na redio ili alipe hospitali ya binafsi.

Baada ya kitambo jirani aliongeza kwa sauti ya chini, "Halafu mimi hata sijagoma, Sista. Tajiri amekuja usiku akachukua ufunguo. Nisipoendesha, sili."

Mama alimwambia tu, "Pole." Akaenda zake barabarani, akapata nafasi katika lori la mawe lililokuwa likitoka Ndarugo.

Sote tumekaririshwa darasani kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Ni methali ya kweli. Lakini pale langoni niliona jambo ambalo methali haisemi: mtu huyo huyo aweza kuwa fahali mwaka huu na nyasi mwaka ujao. Mama alikuwa fahali mwaka 2017, akawa nyasi mwaka 2018. Jirani alikuwa nyasi mara zote mbili.

MGOMO NI NINI HASA?

Hebu sasa tutazame sheria inasemaje, maana wengi wetu hutumia neno mgomo ovyo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inaeleza namna ya kuitumia haki hiyo: kwanza mzozo usuluhishwe, usuluhishi ukishindikana, ndipo itolewe notisi ya maandishi ya siku saba. Sheria iyo hiyo ina orodha ya huduma muhimu, zile ambazo zikikatizwa uhai au afya ya watu huweza kuwa hatarini. Hospitali zimo, maji yamo, zimamoto imo, hata wale wanaoongoza ndege angani wamo. Mizozo ya huduma hizo inapaswa kwenda mahakamani badala ya kuishia kwenye mgomo. Hata hivyo, kama tulivyoona mwaka 2017, sheria ikisema hivi na tumbo likasema vile, tumbo husikilizwa zaidi.

Sasa angalia tofauti. Wafanyakazi wa reli wanapogoma, hao ni waajiriwa wenye mwajiri, wenye chama, wenye mkataba. Siku saba kabla ya mgomo abiria aweza kusikia tangazo akajipanga. Lakini matatu zinapopotea barabarani, mara nyingi si waajiriwa waliogoma, bali ni wenye mali walioficha mali yao. Mwenye gari haombi notisi kwa mtu ili aliache gari lake uani. Dereva, ambaye hulipwa kutokana na alichokusanya siku hiyo, hana wa kumlipa akikaa. Kwa hiyo tunaita jambo hilo mgomo, lakini kwa sheria ni kitu kingine, na ndiyo sababu hutupata ghafla kama mvua ya kiangazi.

Isitoshe, orodha ile ya huduma muhimu inataja hospitali, lakini haitaji gari linalompeleka muuguzi hospitalini. Kwenye karatasi huduma muhimu huanzia kwenye lango la hospitali. Kwa kweli huanzia kituoni, hapa Membley, saa kumi na moja alfajiri.

RELI ILIYOTUFUNZA KUGOMA

Huenda kijana mwenzangu akadhani migomo ni tabia ya siku hizi. La hasha. Katika nchi yetu reli na bandari ndizo shule za kwanza za mgomo.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi mjini Mombasa. Walikuwa makuli wa bandari, wafanyakazi wa reli, watumishi wa hoteli na hata wa majumbani. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha lakini bei za vyakula hazikushuka, na mshahara haukutosha kodi ya chumba. Walikutana katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Kwa muda wa siku kumi na mbili hivi mji ulisimama. Mizigo ililala melini na mabehewa yalilala relini. Kiongozi wao aliyepata sifa zaidi, Chege Kibachia, aliongoza chama kilichoitwa African Workers' Federation. Mwishowe baraza la uchunguzi liliundwa na mishahara ikaongezwa. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huo Kibachia alikamatwa, akapelekwa Kabarnet na kuzuiliwa huko kwa miaka kumi.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo wa 1947 wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger, huko Afrika Magharibi, waligoma mpaka Machi 1948. Ni mgomo huo ambao mwandishi Sembène Ousmane aliutungia riwaya iliyotoka mwaka 1960.

Kwa nini reli? Sababu ni jinsi reli inavyofanya kazi. Chukua reli yetu ya Thika, ambayo ilifika Thika mwaka 1913 ili kubeba mazao ya mashamba. Ni reli ya njia moja. Treni mbili zikitaka kupishana, lazima moja isubiri stesheni. Kwa hivyo haihitaji watu wote kugoma ndipo treni isimame. Akikosekana dereva, au yule anayeruhusu treni iingie katika kipande cha njia, basi kila kitu nyuma yake kinangoja. Tena huwezi kumchukua mtu barabarani ukamfanya dereva wa treni kwa siku moja. Mkoloni aliyajua hayo, na wafanyakazi waliyajua vilevile.

Nayataja haya ili tusije tukafikiri kwamba mgomo ni uhuni. Mshahara ambao baba zetu na babu zetu walilipwa ulipatikana kwa watu waliothubutu kuacha kazi. Mgomo usiomuuma mtu yeyote si mgomo. Shida ni kwamba maumivu hayaendi moja kwa moja kwa yule anayekusudiwa.

NANI HUUMIA ZAIDI?

Nimewahi kumsikia mtu akisema mgomo huwaumiza wote sawasawa. Hilo si kweli. Hebu tupige hesabu.

Tuseme kibarua analipwa shilingi 600 kwa siku, na nauli yake ni 100 kwenda na 100 kurudi. Anabaki na 400. Nauli ikipanda mara tatu atalipa 300 kwenda na 300 kurudi. Amefanya kazi kutwa nzima akarudi mikono mitupu, na bado hajala. Asipokwenda, hapati hata hizo, na kesho anaweza kukuta mtu mwingine ameshika koleo lake. Mwenye gari lake binafsi siku hiyo hiyo anafika mapema kuliko kawaida, kwa kuwa barabara ni nyeupe.

Halafu kuna wale wanaoweza kufanyia kazi nyumbani. Hapa nitakupeleka kweli Wembley ya London. Tarehe 21 Juni 2022 wafanyakazi wa reli wapatao 40,000 nchini Uingereza, wa chama cha RMT, walianza mgomo uliotajwa kuwa mkubwa kuliko yote katika muda wa miaka 30. Treni zilizotembea zilikuwa kama moja kwa kila tano. Siku iyo hiyo wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi za London nao waligoma. Wakazi wa Wembley wakaonja kile ambacho wakazi wa Membley tulikuwa tumeshakionja. Watu wengi wa ofisini walifungua kompyuta zao mezani kwao wakaendelea na kazi. Lakini hakuna kompyuta inayoweza kumgeuza mgonjwa ubavu, wala kupiga deki sakafu ya wodi. Na wanaofanya kazi hizo huko si wageni kwetu: mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano ya kuwawezesha wauguzi Wakenya kwenda kufanya kazi kule.

Basi kanuni ni moja, Membley na Wembley: kadiri kazi ya mtu inavyohitaji mikono na miguu yake iwepo mahali fulani kwa saa fulani, ndivyo mgomo unavyomkaba. Na aghalabu kazi za namna hiyo ndizo zenye mishahara midogo.

MIGUU MIWILI

Siku ile ya Novemba 2018 kulikuwa na kitu kimoja kilichotuokoa kidogo. Treni ya abiria ilitembea. Jirani yetu mwingine, ambaye ni mlinzi, alikwenda stesheni ya Ruiru mapema akaipata. Aliporudi alituambia, "Nilisimama mguu mmoja mpaka Makadara. Mwingine sikujua uko wapi." Tulicheka, lakini yeye alifika kazini, na mwenzake wa usiku akaenda nyumbani kulala.

Tuseme treni moja inabeba watu elfu moja. Matatu ya abiria 14 ingehitaji kwenda safari 71 na zaidi ili kuwabeba hao. Ndiyo maana treni ikigoma, matatu haziwezi kuimeza idadi hiyo. Vivyo hivyo matatu zikigoma, treni chache za asubuhi haziwezi kuwameza watu wa Barabara ya Thika wote. Mji wenye njia moja tu ya kusafiri ni kama mtu wa mguu mmoja: ukiumia, ameanguka. Mwenye miguu miwili atachechemea, lakini atafika.

Kuna nchi zilizolifikiria jambo hili. Huko Italia, sheria ya mwaka 1990 inawaruhusu wafanyakazi wa reli kugoma, lakini siku za kazi treni za abiria za mikoani hutembea saa za watu kwenda na kurudi kazini: kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Saa nyingine mgomo uendelee. Uingereza nayo, mwaka 2023, Bunge lilipitisha sheria ya kudai kiwango fulani cha huduma wakati wa mgomo. Vyama vya wafanyakazi viliipinga vikali, vikisema kwamba inamnyang'anya mfanyakazi silaha yake pekee. Ukiyasikiliza hayo mawili utaona ugumu uliopo. Ukiulinda sana usafiri, umemfunga mfanyakazi mikono. Ukimwachia sana, mgonjwa wa kitanda cha tatu anakosa dawa.

MAONI YANGU

Mimi si mwanasheria, ni mwanafunzi tu. Lakini naona mambo machache yanayowezekana hata hapa kwetu.

Kwanza, notisi. Kama mwenye reli anadaiwa siku saba, vyama vya wenye matatu navyo viweke desturi ya kutangaza mapema. Mama angejua tangu Ijumaa, wauguzi wangepangana wao kwa wao, anayeishi karibu na hospitali akachukua zamu ya anayeishi mbali.

Pili, kila hospitali iwe na mpango wake wa siku ya mgomo: gari moja la kuzunguka mitaani kuwachukua wa zamu, na chumba cha kupumzika kwa aliyekwama. Gharama ya gari hilo ni ndogo kuliko ya kosa la muuguzi asiyelala.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mizozo isingojwe mpaka ipasuke. Mgomo wa wauguzi wa 2017 haukuzaliwa usiku mmoja. Kanuni za matatu zilikuwapo tangu 2004. Zingetekelezwa kila siku kidogo kidogo, hapangekuwa na haja ya kuzirudisha kwa kishindo siku moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu huwaangukia wapitao kando.

Siku chache baadaye matatu zilirudi barabarani. Jioni mama alipanda ya jirani yetu kwenda kazini, nami nilimsindikiza hadi kituoni. Alilipa nauli yake kamili, naye jirani aliipokea. Hakuna aliyejifanya kwamba maneno ya langoni hayakusemwa. Utingo alipopiga bodi ya gari ili waondoke, jirani alimwambia, "Ngoja kidogo." Kwa mbali mwanamke mmoja mwenye sare ya usafi wa hospitali alikuwa akija mbio. Walimngoja mpaka akapanda.

Kalamu yangu naiweka chini hapo. Mwenye maoni tofauti asiyafiche moyoni. Na aje kwenye kikao cha chama chetu cha Kiswahili tuyajadili, hasa kama mzazi wake ni dereva.